Baada ya tukio: maswali ya askari, makamanda na familia zao kuhusu afya ya akili

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka ya kukaa na askari waliotoka kwenye mapigano, mashambulizi ya kuvizia, milipuko na ajali za mazoezini. Mengi hayakuulizwa kitini. Yaliulizwa mlangoni, mtu ameshaaga na mkono uko kwenye kitasa. Nimeyaacha karibu na yalivyotamkwa.

Nimerudi mzima, sina hata mkwaruzo. Mbona silali?

Kwa sababu mwili wako bado uko zamu. Hatari ilipokuja, adrenalini ilimwagika, moyo ukaenda mbio, masikio yakakamata kila mchakacho, macho yakatafuta mikono ya watu kabla ya sura zao. Hayo yote ndiyo yaliyokutoa pale ukiwa hai. Tatizo ni kwamba mwili hausikii amri ya kulegea kama unavyosikia amri ya kujiandaa. Kwa siku kadhaa, pengine wiki, utalala kidogo na kuamka umelowa jasho. Mlango ukibamizwa utajikuta umeinama. Utachagua kiti kinachotazama mlango bila kujua kwamba umechagua. Harufu ya dizeli au ya plastiki inayoungua itakurudisha palepale.

Wengine hali yao ni kinyume: hawahisi chochote. Mtu anamtazama mwanawe akicheza na ni kama anamtazama kupitia kioo. Hilo nalo ni kazi ya mwili uleule. Umezima kila kitu ili usizidiwe.

Askari mmoja aliniambia kwamba kila usiku saa tisa kasorobo huamka na kupapasa chini ya kitanda akitafuta buti, ilhali yuko nyumbani mwezi wa pili. Saa tisa kasorobo ndiyo saa waliyovamiwa. Yeye mwenyewe hakuwa ameunganisha mambo hayo mawili hadi tulipokaa tukapanga matukio ya usiku ule dakika kwa dakika. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe sijarukwa na akili." Hakuwa amerukwa na akili, na wewe hujarukwa. Kwa watu wengi dalili hizi hupungua zenyewe ndani ya wiki chache, hasa wakiwa na watu wanaowaamini na wakipata nafasi ya kulala.

Nitajuaje kwamba sasa ni ugonjwa?

Tazama mambo mawili: muda, na kama maisha yanakwama. Ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, ambao wengi wanaujua kwa herufi PTSD, uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na vigezo vyake vinataka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja. Dalili zenyewe ziko makundi manne. Tukio hurudi bila kualikwa, kwa ndoto au mchana kweupe. Mtu hukwepa barabara, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Anavyojiona na anavyouona ulimwengu hubadilika: najilaumu, simwamini yeyote, sistahili kuwa hai. Na mwili hukesha, ukashtuka na kuwaka hasira kwa jambo dogo.

Lakini mwezi huo usiufanye geti la kusubiria. Kama hufanyi kazi, unakunywa ili ulale, umeanza kupiga watu nyumbani, au unawaza kufa, nenda leo hata kama tukio ni la juzi. Na mtu akiwa shwari mwanzoni usimhesabu kuwa amevuka. Wapo ambao ugonjwa hujitokeza baada ya miezi 6 na zaidi, mara nyingi wakishatoka kikosini, pale ambapo hakuna tena zamu wala wenzao wa kuwashika.

Kamanda anataka tukae duara usiku huuhuu, kila mmoja aeleze alichoona na alivyojisikia. Ni lazima?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa linalofanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Kikao cha namna hiyo kilienea sana kuanzia miaka ya 1980. Wazo lilikuwa rahisi: toa moshi mapema, nyumba isiungue. Lakini kilipopimwa, hakikufanya kilichoahidiwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba kikao kimoja cha kumhoji mtu kuhusu hisia zake mara tu baada ya tukio hakizuii PTSD, na katika mojawapo ya tafiti hizo waliohojiwa waliishia kuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Mwongozo wa tiba wa Uingereza haukipendekezi pia.

Ukifikiri utaona sababu. Anayelazimishwa kufungua kidonda hajapata hata maji ya kukioshea. Na katika duara lile, aliyekuwa nyuma ya gari na hakuona mwili wa mwenzake sasa anaelezwa mwili ule ulivyokuwa, na anaondoka na picha ambayo hakuja nayo.

Tusichanganye mambo, lakini. Kikao cha kiutendaji, kile cha kuuliza nini kilitokea, wapi tulikosea, redio ilikatika saa ngapi, kinabaki pale pale na kinasaidia, kwani askari wengi hubeba kipande kimoja tu cha tukio na kukizungushia lawama. Kukaa pamoja bila ajenda nako ni jambo jema. Anayetaka kusema aseme, anayetaka kunyamaza aheshimiwe, na huyo aliyenyamaza asiachwe akae peke yake. Mambo hayo mawili yaende pamoja: usimlazimishe kusema, na usimwache peke yake. Ukisahau yote mengine kwenye ukurasa huu, shika hilo.

Basi saa za kwanza tufanye nini?

Mambo madogo, na yafanywe kweli. Mtoe kwenye eneo la hatari. Mpe maji, nguo kavu, mahali pa kujinyoosha. Mweleze kinachoendelea kwa ukweli: nani amejeruhiwa, amepelekwa wapi, lini mtapata habari. Uvumi huumiza kuliko habari mbaya. Msaidie azungumze na familia yake kabla hawajasikia kwingine. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unayaweka katika hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hoi. Sikiliza anachohitaji, bila kumchimba. Muunganishe na watu na huduma.

Kuna kitu kimoja ninachowaambia masajini kila mara: mpe kazi ndogo yenye mwisho. Ahesabu magazini za risasi, ajaze mafuta, aandike orodha ya vifaa. Aliyetoka kwenye tukio ambalo hakuweza kulizuia anahitaji kukumbuka kwamba mikono yake bado inaweza kumaliza jambo.

Kumweka karibu na kikosi nako kuna historia. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari, akiwamo Mmarekani Thomas Salmon, waliona kwamba askari waliotibiwa mapema, karibu na wenzao, huku wakiambiwa watapona, walirejea kazini zaidi ya waliopelekwa hospitali za mbali. Tusisahau tu kwamba shabaha ya wakati ule ilikuwa kurudisha watu mstari wa mbele. Kurudi mstari wa mbele si sawa na kupona, kwa hiyo ufuatiliaji lazima uendelee.

Utaratibu mmoja ninaoupenda ulianzia kwa Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza. Askari wa kawaida wa kikosini hufunzwa kuzungumza na mwenzao siku kama 3 baada ya tukio, kisha tena baada ya mwezi, wakilinganisha hali yake. Hawatibu. Wanamwona anayezama na kumpeleka kwa anayetibu.

Mimi ni kamanda. Niwaambie nini vijana wangu?

Kwanza, usiseme "jikazeni". Wamejikaza tayari, ndiyo maana wamesimama mbele yako.

Agosti 1943, katika Vita Kuu ya Pili, huko kisiwa cha Sicily, Italia, Jenerali George Patton wa Marekani aliwazaba makofi askari wawili aliowakuta hospitalini bila jeraha la kuonekana, akawaita waoga. Mmoja wao ikaja kubainika kwamba alikuwa na malaria. Eisenhower, mkuu wake, alimkaripia na kumtaka aombe radhi. Kamanda mahiri kabisa vitani, lakini kofi lile lilimfundisha kila aliyeliona kwamba kuumwa ni lazima kufichwe.

Mlinganishe na Roméo Dallaire, jenerali wa Kanada aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Aliporudi aliugua, akajaribu kujiua, kisha akasimama hadharani kama jenerali na kusema: mimi ni mgonjwa, na huu ni ugonjwa. Baada ya mtu wa nyota zile kusema, koplo naye anaweza kusema.

Huhitaji hotuba. Sentensi moja inatosha: "Tangu siku ile silali vizuri, na nimekwenda kumwona daktari." Ukiisema mbele ya kombania, umefungua mlango ambao mabango elfu hayaufungui.

Pili, mtaje aliyefariki kwa jina lake. Na angalia kitanda chake. Katika kikosi kimoja, mtu mwenye haraka alikunja godoro la marehemu alfajiri na kuondoa sanduku lake kabla wenzake hawajaamka. Alitaka kuwapunguzia uchungu. Wale vijana walinisimulia habari ya godoro lile kwa hasira kubwa kuliko walivyosimulia shambulizi lenyewe. Waachie wamfungashe wenyewe. Wapo watakaotaka kukunja shati lake kwa mkono.

Nikienda kwa mshauri nasaha, nitanyang'anywa silaha na kupoteza cheo?

Sitakudanganya. Taratibu hutofautiana jeshi hadi jeshi, na mahali pengi daktari wa jeshi ana wajibu wa kumjulisha mkuu wako akiona maisha yako au ya wengine yamo hatarini. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mdomo, uliza: "Nikikuambia haya, nani mwingine atajua?" Mtaalamu mwadilifu atakujibu waziwazi na hatachukia kuulizwa. Uliza pia kuhusu padri au sheikh wa kikosi. Katika majeshi mengi mazungumzo nao yana usiri mkubwa zaidi.

Kuwekwa kando na silaha kwa muda kunauma, naelewa. Lakini wengi niliowaona wakipoteza kazi hawakuipoteza kwa kwenda mapema. Waliipoteza kwa ulevi kazini, kwa kumpiga mkubwa wao, kwa utoro, mambo ambayo yangezuilika miezi mingi nyuma.

Hii si namna nyingine ya kusema woga?

La. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306 kwa kutoroka, woga na makosa ya aina hiyo, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wagonjwa wa kiwewe. Walisamehewa mwaka 2006, takriban miaka 90 baadaye. Familia zao zilibeba aibu hiyo vizazi vitatu. Sitaki kusikia neno hilo likitumika tena kwa mgonjwa.

Mimi sikuogopa. Kinachonitesa ni nilichofanya.

Hili huja kwa sauti ya chini kuliko yote. Gari halikusimama kwenye kizuizi, amri ya kufyatua ikatoka, na ndani hamkuwa na bomu. Mlikuwa na familia. Au hukufyatua, na mwenzako akafa. Au waliokuwa juu yako walijua njia ile ina mabomu na wakawatuma hivyohivyo.

Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu Wamarekani waliopigana Vietnam, ndiye aliyelipa jambo hili jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita jeraha la dhamira. Chanzo chake si hofu. Ni kuvunjika kwa kile unachokiamini kuwa haki, kwa mkono wako au kwa mkono wa uliyemwamini. Dalili zake ni aibu, kujitenga, kujiadhibu: mtu anakataa dawa, anakataa likizo, anakataa kumbeba mtoto wake kwa sababu anaona mikono yake ni michafu.

Usimwambie mtu huyu "si kosa lako" kabla hujamsikiliza hadi mwisho. Ataona hukutaka kusikia. Kazi halisi ni ya polepole. Mnaipanga sekunde ile kama ilivyokuwa: ulijua nini wakati ule, ulikuwa na muda gani, giza lilikuwa kiasi gani, amri ilisemaje. Mara nyingi mtu anajihukumu kwa kitu alichokijua dakika kumi baadaye. Na pale ambapo kosa lilikuwa kweli, halifutwi kwa maneno matamu. Mnazungumza habari ya kukiri, kuomba msamaha inapowezekana, kutengeneza kinachotengenezeka, na kuishi kwa namna inayowaheshimu waliokufa. Kwa wenye imani, hapa kiongozi wa dini ana kazi ambayo mimi siwezi kuifanya. Nimekuwa nikiwapeleka kwake, na sijajuta.

Matibabu yenyewe yakoje? Nitalala kwenye kochi nisimulie utoto wangu?

Hapana. Tiba zenye ushahidi mzuri zaidi ni za mazungumzo, zina mpangilio, zina mwisho. Moja inakufundisha kuzichunguza fikra zilizokwama, kama "ningekuwa macho asingekufa", na kwa kawaida huchukua vikao 12. Nyingine inakurudisha kwenye kumbukumbu ile kidogo kidogo, ukiisimulia kwa sauti mara nyingi mahali salama, na kukupeleka taratibu kwenye mambo uliyoyakwepa, hadi mwili ukubali kwamba kumbukumbu si shambulizi. Huwa vikao 8 hadi 15. Ya tatu hutumia mwendo wa macho wakati unakumbuka, na ilibuniwa na Francine Shapiro mwaka 1987.

Wiki za mwanzo huwa ngumu na ndoto zinaweza kuongezeka. Ukilijua hilo mapema hutakimbia kikao cha tatu. Watu wengi hupata nafuu ya kweli. Si wote wanaopona kabisa, na tiba moja ikishindwa ombeni nyingine.

Na dawa?

Zinasaidia baadhi ya watu, hasa penye sonona. Zinazotumika zaidi ni setralini, paroksetini na venlafaksini, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu ni jambo jingine: mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba zisitolewe kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Usipewe na rafiki, usinunue kienyeji.

Nikinywa kidogo nalala. Kuna ubaya?

Pombe inakulaza na kisha inakuamsha. Huharibu usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ndoto zinarudi na nguvu, kesho unahitaji zaidi. Ukiona unapima usiku kwa glasi, mwambie mtu.

Mlipuko ulinirusha, nikasimama nikaendelea. Sasa kichwa kinauma na nasahau.

Omba upimwe kichwa. Wimbi la mlipuko linaweza kuutikisa ubongo bila tone la damu, na kusahau, hasira, kizunguzungu na kukosa usingizi vinafanana mno na PTSD. Unaweza kuwa na vyote viwili. Mwambie daktari ulikuwa umbali gani na mlipuko, na milipuko mingapi umekuwa karibu nayo, hata ya mazoezini.

Sikuwa mstari wa mbele. Nina haki ya kuumwa?

Dereva aliyebeba miili, muuguzi wa hema la upasuaji, mtu wa redio aliyesikia mwenzake akiita hadi sauti ikakatika, anayeendesha droni na kuona yote kwenye skrini: hao wote huumwa. Kiwewe hakiulizi ulikuwa mita ngapi.

Mume wangu amerudi, lakini si yule aliyeondoka. Nifanye nini?

Usimhoji kuhusu vita. Mwulize kuhusu leo: umelalaje, chumba hiki kina kelele kwako, tukae wapi. Usimwamshe kwa kumgusa akiwa kwenye ndoto; simama mbali na umwite jina. Watoto waambieni kwa maneno yao: baba anaumwa, si nyinyi mliomkasirisha, anatibiwa. Mtoto asipopewa maelezo hujitungia, na anachotunga ni kwamba yeye ndiye kosa.

Ila akikupiga, au akiwatisha watoto, toka kwanza. Ugonjwa unaeleza hasira, hauhalalishi kipigo. Unaweza kumpenda na kumtafutia tiba ukiwa nyumba nyingine. Na wewe mwenyewe tafuta wa kukusikiliza. Wake, na waume wa askari wa kike pia, hufika kwangu wamechoka kuliko mgonjwa.

Mwenzangu anaongea kama anayeaga. Nikimwuliza kuhusu kujiua, sitamtia wazo?

Hutamtia. Mwulize kwa neno lenyewe: "Unafikiria kujiua?" Wengi hupumua mara wanaposikia swali hilo, kwa sababu wamekuwa nalo peke yao. Akikubali, usimwache hata dakika moja. Silaha yake ikae kwa mwingine, funguo za ghala zikae kwa mwingine, dawa pia. Mpeleke kwa daktari, au mwite aje, na ukae naye hadi afike. Usiahidi kutunza siri hii. Mwambie wazi: "Nitakukasirisha leo ili kesho uwepo."

Na kama ni wewe unayesoma haya ukiwa peke yako usiku, weka silaha mbali na ulipo, kisha mwamshe mtu mmoja. Yeyote. Uliwahi kuamshwa kwa zamu na hukumchukia aliyekuamsha.

Ni miaka 20 sasa. Nimechelewa?

Hujachelewa. Wazee hufika baada ya kustaafu, watoto wameondoka, nyumba imetulia, na vita vinarudi kwa kishindo. Tiba zilezile nilizozitaja hufanya kazi kwao pia.

Mmoja alikuja na daftari. Alikuwa ameandika majina ya wenzake sita, na mbele ya kila jina, kitu kimoja alichokikumbuka: huyu alikuwa na sauti nzuri, huyu alikopa soksi zangu. Hakuwahi kumsomea mtu. Kikao cha kwanza alisoma majina mawili akafunga. Nilimwambia yaliyobaki yatasubiri. Wiki iliyofuata alirudi akiwa na daftari lilelile, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza akakaa akiupa mlango mgongo.